Goti la Munywani Wangu

Nilicheza kiungo Kampala, Kisumu na Mwanza, kokote palipokuwa na timu inayotaka mtu wa katikati. Enzi za Mwingereza mpira ulikupatia kibarua: mchana unabeba magunia boharini, jioni unavaa jezi. Nilirudi Bukoba miguu imechoka, mdomo bado mkali, wakanifanya mwalimu wa timu.

Kwenye timu nilimkuta munywani wangu, ndugu wa kuchanjiana. Tulikula kiapo ujanani, kwao Muleba: tulijichanja, tukapaka damu punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Mama yangu, Mlutheri asiyekosa ibada, hakuambiwa mpaka anakufa. Nilipougua malaria Kampala, munywani ndiye aliyenipikia uji na kunifulia mashuka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Siku tatu kabla ya fainali alinifuata nyumbani Hamugembe, akakunja suruali. Goti lilikuwa limevimba vibaya.

"Nimekuonyesha wewe tu," akasema. "Tata akijua, kibanja atampa mdogo wangu. Kilema atalimaje migomba? Naye anakuja, hajawahi kuniona nikicheza. Nipange, munywani. Mara hii tu, halafu naacha."

Zama hizo mchezaji hakubadilishwa. Akianguka, tunabaki kumi. Nikamwambia nitafikiri, nami nilikuwa nimekwisha kufikiri. Huo ulikuwa woga, na mpaka leo unaniudhi.

Siku ya mchezo nikasoma majina kumi na moja. Lake halikuwamo. Goti sikulitaja, kiapo chetu kilikataza kutoa siri ya mwenzako. Wachezaji wakaguna, mmoja akasema wazi kwamba namwonea wivu. Yeye alishavaa. Akaivua jezi, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Baba yake, yule tata, aliyekuja juu ya lori la kahawa, alikaa kwenye nyasi na koti lake la Jumapili, akiuliza kila aliyepita mwanawe ni yupi. Tulishinda mawili kwa moja. Walinibeba mabegani.

Jumapili iliyofuata nikaenda Muleba. Nilijiandaa kwa matusi, maana matusi nayaweza.

"Karibu, waitu," munywani akanipokea mlangoni, kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa.

Mzee hakuzunguka. "Mwanangu hajui mpira?"

Nikamtazama munywani. Akatikisa kichwa kidogo, kunikumbusha.

"Kulikuwa na wanaomzidi, tata," nikajibu.

Mzee akainama. Hilo ndilo nililomfanyia ndugu yangu: nilimnyima mchezo, halafu nikamwaibisha mbele ya baba yake ili asinyimwe shamba.

Katika nyumba ile, tangu siku ya kiapo, kahawa ya kutafuna nilijichotea mwenyewe kikapuni. Siku hiyo punje alizichota yeye. Akaziweka juu ya kipande cha jani la mgomba, akajikaza asichechemee mbele ya baba yake mpaka nilipokaa, akaniletea kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni.

Nikapokea, nikashukuru kama mgeni.