Kupogoa Chai na Watoto wa Nairobi

Asubuhi niliyoanza kazi ya kupogoa chai, nyapara wa Birongo alinipa panga, tupa ya kunolea na shina moja tu. Wenzangu walikwisha kuingia mistarini, kila mmoja na safu yake, nami nikabaki na shina langu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Nilikata kwa nguvu zote za kijana aliyetoka shuleni kabla ya wakati. Nyapara aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya kila jeraha, kisha akauliza, "Wewe unanyoa mtu ama unachinja kuku?" Kundi zima likacheka. Akanionyesha: mkato uende mara moja kutoka chini kwenda juu, jeraha libaki laini na lenye mshazari kidogo ili maji ya mvua yasituame. Jeraha lililochanika huoza, na uozo hushuka polepole mpaka mzizini. Nilipogoa mashina machache sana siku hiyo, lakini jioni nilipopitisha kidole changu mwenyewe juu ya lile la mwisho, hakikukwama popote.

Kwa vijana wanaoijua chai ikiwa kikombeni, nieleze. Chai ikiachwa yenyewe ni mti mrefu. Sisi huifanya kichaka cha kufika kiunoni kwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na ule uso wa juu tunaouchuma huitwa meza. Meza hupanda kidogo kidogo, hadi mchumaji ainue mikono kama anayeanika nguo. Ndipo chai hupogolewa, kila baada ya miaka michache, katika baridi ya katikati ya mwaka ambapo haina haraka ya kukua. Hupogolewa sehemu moja tu ya shamba kwa mwaka, ili sehemu nyingine ziendelee kulisha nyumba.

Kutoka Birongo nilipelekwa Magwagwa kuwa mwelekezi wa wakulima, chini ya afisa wa nyanjani, mwanamke aliyepanda milima ile kwa kasi hata vijana wakimfuata kwa mbali. Siku moja alinikuta nimepogoa safu nzima ikabaki visiki vitupu, nami nimesimama kando nikingoja sifa.

"Momanyi, nikikuziba pua na mdomo utaishi?"

"Hapana, madam."

"Basi mwachie huyu mapafu."

Mapafu ni tawi moja au mawili ambayo hayaguswi. Hubaki na majani yake upande mmoja wa shina, yakilisaidia kuishi mpaka machipukizi mapya yatoke, kisha nayo hukatwa. Maneno ya madam yalinitosha kwa kazi, lakini nilitaka kujua sababu. Nilinunua sokoni vitabu vikuukuu vya kilimo, vyote vya Kiingereza, nikavisoma na kamusi pembeni. Humo nikakuta habari ya akiba ya chakula ambayo shina huweka mizizini, na kwa nini chai hupumzishwa bila kuchumwa kabla ya panga kuingia. Tangu hapo sikumwambia mkulima "fanya hivi" bila kumwambia kwa nini.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kiogoro, nikiwa msimamizi wa wapogoaji. Meneja wa kiwanda hakupenda maelezo. Alifika, akachuchumaa mwisho wa mstari, akafumba jicho moja na kutazama meza kama fundi atazamavyo ubao. Akiona kilima au shimo, alinyoosha kidole tu. Mwaka mmoja alichuchumaa kwa muda mrefu, akainuka, akasema, "Hapa hata mimi naweza kulala." Sikupata sifa nyingine kwake, na sikuhitaji nyingine. Nilistaafu mapema kidogo, kwa sababu magoti yalianza kulalamika kuliko mimi.

Nilidhani kazi imeisha. Lakini kaka yangu mkubwa, Ongeri, ambaye huku tunamwita Baba Moraa, anauza vipuri vya magari Nairobi, na chai aliyoipanda mama yetu iko katika sehemu yake ya shamba. Mimi ndiye huitunza. Alipokuja wakati wa Pasaka alisimama mstarini, akanitazama nikijinyoosha mgongo.

"Momanyi, wewe na hayo magoti mtaenda mpaka lini? Watoto wangu hawajui hata panga inashikwa upande gani. Desemba nang'oa hii chai napanda mikaratusi. Mkaratusi hauhitaji mtu."

"Nipe watoto Agosti," nikasema.

"Wachukue. Lakini Desemba nitakuja kuona. Kama hakuna anayeweza kuishika bila wewe kumnong'oneza, naleta watu wa majembe."

Tukakubaliana hivyo. Chai hiyo ilinisomesha miaka niliyosoma, na nilikuwa nimeipogoa tangu mama angali hai. Sasa ilitegemea watoto wawili waliokulia ghorofa ya nne.

Moraa yuko kidato cha tatu. Amepewa jina la mama yetu, kwa hiyo baba yake mara nyingi humwita "mama". Brian, mdogo wake, hatenganishwi na simu. Nilifanya kama nilivyofanyiwa: kila mtu panga na shina moja. Moraa aliionea chai huruma, akakata juu juu kama anayepunguza nywele za mgonjwa. Nikamwonyesha kovu la upogoaji uliopita, nikamwambia akate inchi mbili tu juu yake. Alirudia, safari hii bila huruma. Matawi yaliyokatwa tuliyalaza juu ya visiki ili jua lisiviunguze, kazi isiyohitaji kujua panga.

Brian alikaa kimya upande wa pili, nami nikafurahia utulivu wake. Nilipozunguka nilimkuta amelaza simu juu ya shina. Ndani ya simu mna programu ya kupimia usawa, ile ya maseremala.

"Anko, ona! Imenyooka kabisa. Digrii sufuri!"

Alisema kweli. Tatizo ni kwamba shamba letu limelala mlimani. Mashina yake upande wa juu yalibaki visiki vinavyokaribia udongo, na upande wa chini yalisimama karibu na kifua.

"Brian, hiyo ni meza ya hoteli," nikamwambia. "Meza ya chai inalala vile ardhi imelala."

"Amejenga ngazi," Moraa akasema. "Tunaweza kupanda nazo mpaka nyumbani."

Brian alinuna, kisha akatafuta fito ndefu, akailaza mstarini kufuata mteremko, akaanza upya. Hakuitoa simu tena, isipokuwa jioni, alipopiga picha ya mistari tuliyomaliza na kumtumia baba yake. Simu ikalia mara moja.

"Momanyi! Nilisema ningeng'oa Desemba. Wewe umeniulia Agosti?"

"Haijakufa, Baba," Moraa akajibu kabla yangu. "Ina mapafu."

"Ina nini?"

"Mapafu."

Kaka yangu akauliza, "Huko mnakula nini?"

Shule zilipofunguliwa waliondoka, na Moraa akaniachia amri: nipalilie, mapafu niyakate yakishamaliza kazi, lakini machipukizi nisiyaguse mpaka warudi. Niliitii. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja vizuri, na Desemba visiki vile vilikuwa vimefunikwa na machipukizi mabichi yanayong'aa, laini kuliko chochote shambani.

Siku chache baada ya Moraa na Brian kurudi likizo, Baba Moraa alifika na pikapu yenye miche ya mikaratusi na vijana wawili wenye majembe. Alipoona chai, uso ulimkunjuka.

"Kumbe ilikuwa hai! Leteni vikapu. Ichumwe yote leo."

Akatia mkono ndani kabisa ya kichaka. Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mavuno ya kwanza baada ya kupogoa huitwa kutipu: huvunjwa tu ncha zilizopita inchi nne juu ya jeraha, ili meza mpya ijengeke. Ukichuma chini ya hapo meza haijengeki, na kosa hilo utaishi nalo mpaka upogoaji mwingine. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimeahidi kutonong'ona. Nilitazama viatu vyangu.

"Baba, toa mkono."

Wale vijana waligeuka. Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo mbele ya wageni.

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Hapo ni chini ya alama." Moraa alisimamisha kijiti chake juu ya jeraha, chenye mkato wa kisu penye inchi nne. "Zilizopita hapa, tunavunja leo. Zingine zinangoja wiki ijayo, na ile ingine."

"Na nikichuma sasa?"

"Utakunywa leo, halafu hutachuma vizuri mpaka nimalize chuo."

Kaka yangu alinigeukia. "Umemfundisha kuniongelesha hivi?"

"Nimemfundisha chai," nikasema.

Alitoa mkono kichakani. Kisha akanyoosha kiganja, na Moraa akampa kijiti. Alipima, akavunja ncha moja, akamwonyesha.

"Hiyo ni fupi, Baba," Brian akasema kutoka mstari wa pili.

Wale vijana wakacheka, na kaka yangu akacheka pia. Mchana aliwarudisha pamoja na miche yao.

Nimefundisha wakulima wa Magwagwa na wapogoaji wa Kiogoro, na bado ninapopita barabarani natambua meza ambazo mikono yangu ilizianzisha. Najivunia hizo. Hata hivyo, mkulima alinisikiliza kwa sababu kiwanda kilinituma. Watoto hawa hawakutumwa na mtu, na hakuna kiwanda kinachowangoja.

Jioni ile tulikuwa tumekaa nje, mikono ya wote ikiwa na rangi ya chai. Baba Moraa aliitazama ile sehemu ya juu ambayo haijapogolewa, meza zake zimepanda hadi kifuani.

"Na ile itakatwa lini?" akauliza.

Nilikwisha kufungua kinywa, ndipo nikaona anamtazama Moraa.

"Agosti," Moraa akajibu. "Na wewe utakuja, Baba. Utalaza matawi."