Rangi ya Uso wa Mjane

Nakumbuka siku moja niliyomwonea mtu wivu mpaka macho yangu yakaacha kuniambia kweli. Sisemi kwa mafumbo, mwanangu. Macho yangu haya, yaliyokuwa yakinilisha, yalitazama uso wa mwanamke aliye hai yakaniambia amependeza, kumbe nilikuwa nimempaka rangi ya maiti.

Nakusimulia kwa sababu Jumapili ulipokuja kunisalimia hapa Richmond Hill ulikaa kwenye kochi langu, chai ikapoa, simu mkononi, unatazama kazi ya mwenzako wa ofisini. Nikakuuliza kulikoni. Ukanijibu, "It's nothing, Shangazi. Ni work tu." Lakini mimi si mtoto. Unafanya kazi ileile niliyoifanya mimi, ya kusahihisha rangi za filamu, na mdomo ule uliokuwa umeubana nilikuwa nao kabla hujazaliwa.

Basi sikiliza, na simu iweke kando kidogo.

Siku hizo nilikuwa naishi St. James Town, kwenye yale maghorofa ambayo lifti yake ina siku zake za kufanya kazi na siku zake za kupumzika. Asubuhi napanda basi kwenda Don Mills, kwenye ofisi ya mzee mmoja Mwismailia, mzaliwa wa Tanga, ambaye baba yake alikuwa na studio ya picha huko. Tulimwita Mzee Sadru. Filamu ikishapigwa na kukatwa ililetwa kwetu ingali mbichi, nasi ndio tuliokuwa tunaipa mwanga wake na rangi yake ya mwisho. Nyingi zilitoka Ufaransa, na Mzee alituajiri sisi watu wa Bukavu na Uvira kwa sababu tulikuwa tunaelewana na wenye filamu kwa Kifaransa, halafu tukimgeukia yeye tunaongea Kiswahili. Alikuwa akisema ofisi yake haina haja ya mkalimani wala ya redio.

Mzee alitufundisha kwamba filamu za namna ile hazipendi kupambwa. Kivuli chake hakiwi cheusi kama lami. Ukitazama vizuri unaona bado kuna kiti mle ndani, na koti limetundikwa. Ngozi ya mtu inaachiwa uchovu wake. Majira ya baridi yanapewa kijivu kama cha majivu, kisha taa moja tu mezani inaachiwa joto, na mtazamaji anahisi huzuni bila kujua imeingilia wapi. Watu humsifu mwigizaji, na ni haki yake. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na mafundi wengine hufanya kazi yao gizani, pazia limefungwa, saa nne ya asubuhi.

Nilikuwa hodari. Nakuambia bila haya, maana uzeeni unyenyekevu wa uongo unachosha. Nilikuwa hodari, na kwa sababu nilikuwa hodari nikamleta Esperance.

Esperance alikuwa mdogo wangu wa kanisani, mtoto wa Uvira, mpole, anacheka akiwa ameziba mdomo. Nilimkuta anapakia maboksi kiwandani, nikamwombea nafasi kwa Mzee, nikamkalisha pembeni yangu nikamfundisha. Nilimfundisha hata vitu vidogo ambavyo hakuna aliyenifundisha mimi. Nakumbuka nilimwambia, mvuke wa chai au kahawa usiuache mweupe kama chumvi; utie joto kidogo, mtu ajue nyumba hii ina mtu. Akasema, "Aksanti, Yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa. Aliniita hivyo kila siku, na mwanzoni nililipenda jina lile.

Halafu Mzee Sadru akaanza kumwita yeye kwanza. Zamani akiwa na picha inayomsumbua alikuwa anaita jina langu mimi. Taratibu nikawa namsikia anasema, "Esperance, njoo utazame hapa." Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia, ya pili nikajiambia mimi nina kazi nyingi. Baada ya hapo, mwanangu, nilikuwa nikisikia jina la yule binti likitoka kwenye chumba cha Mzee naufunga mlango wangu. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kanisani akiimba, nilimwonea wivu kwenye basi akisinzia kwa amani. Wivu wa mtu uliyemlea ni mbaya kuliko wivu wa mgeni, kwa sababu huwezi hata kumchukia vizuri.

Ikaja filamu moja. Mwongozaji wake alikuwa mama wa Kifaransa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyefiwa na mume, anabaki peke yake kwenye nyumba yao wakati wa baridi. Mama yule alitaka mtu mmoja airekebishe filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lake liandikwe. Mimi nilikuwa sijawahi kukabidhiwa filamu nzima. Wakati wote tuligawana vipande chini ya Mzee. Niliitaka ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu katika nchi hii. Mzee akaamua kwamba mimi na Esperance tuchukue onyesho lilelile, kila mtu alifanye kwa mkono wake, na mwongozaji achague.

Onyesho lenyewe halina maneno. Mjane anapika kahawa jikoni asubuhi, dirishani kuna theluji, anamimina vikombe viwili kwa mazoea, anakumbuka, anasimama. Basi.

Nikalifanya, likatoka vizuri. Nilijua kuwa ni zuri kwa sababu nilipomaliza nilimkumbuka mama yangu, nikafuta machozi. Nikalihifadhi kwenye kompyuta. Ningeenda nyumbani wakati ule, leo ningekuwa nakusimulia habari nyingine.

Lakini Esperance akanigongea. "Yaya, kuya uangalie ya kwangu, uniambie kama iko muzuri."

Nikaenda. Chumba cha mjane kilikuwa na ubaridi wa kijivu uliokaa kimya, na uso wake ulikuwa umeachwa jinsi ulivyo. Ilikuwa nzuri, Mungu ni shahidi, na ilinichoma. Nikamwambia, "Si mbaya." Kisha nikarudi chumbani kwangu na picha yake. Hakuna aliyetukataza, wote tulikuwa tunafungua kazi za wenzetu kwenye mashine. Nikaiweka picha ya Esperance kwenye skrini ya kushoto, yangu kulia, nikaanza upya.

Kama yeye ametia ubaridi, mimi nitatia zaidi. Nikatia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaongeza. Sasa wewe unaijua kazi, kwa hiyo unajua jambo nililolisahau mimi: jicho huzoea. Likikaa kwenye ubaridi, ubaridi unakuwa hali yake ya kawaida, na linaomba mwingine. Ndiyo maana Mzee alikuwa amepaka ukuta wa nyuma ya skrini zetu kijivu kitupu, na sheria ya ofisi ilikuwa kwamba kabla hujaiamini picha yako, igeuzie mgongo, tazama ukuta mpaka macho yatulie. Sikuutazama ukuta. Nilikuwa nikichoka naitazama kazi ya Esperance. Kila nilipoitazama ilionekana ya manjano, imepauka, na mimi nikawa nafurahi peke yangu kama mwendawazimu, najisemea leo nimempata.

Alasiri mwongozaji akaja, tukaingia wote kwenye chumba cha kuonyeshea. Ya kwangu ikaanza. Skrini kubwa haina huruma. Jikoni pote palikuwa na kijanikijani kama maji ya mferejini, na mvuke wa kahawa ulikuwa umepotea kabisa. Uso wa yule mwanamke, mwanangu, midomo ile, ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuoshwa. Nilitaka kusema mashine imeharibika. Nilimsikia Esperance pembeni yangu akivuta pumzi, na nadhani hata yeye alitaka iwe mashine.

Mama yule hakukasirika. Aligeuka akaniambia kwa Kifaransa, kwa sauti yake ya chini, "Lakini aliyekufa ni mume. Huyu yuko hai. Shida yake yote ni kwamba yuko hai."

Ikafuata ya Esperance. Mjane akamimina kikombe cha pili, akasimama, na hakuna aliyekohoa. Mwongozaji akamshika Esperance bega. Ikawa imekwisha.

Waliposhuka kunywa chai mimi nilibaki nimekaa. Mzee Sadru naye akabaki. Nilijua atanigombeza, nikajiandaa na maneno yangu, maana nilikuwa na maneno ya kutosha kuhusu watoto wanaolelewa wakamsahau aliyewalea. Hakunigombeza. Aliniambia nifuatane naye chumbani kwangu, akazima skrini zote mbili, akavuta kiti akakielekeza ukutani.

"Kaa, binti. Tazama hapo."

Nikatazama kijivu. Mwanzoni ule ukuta ulionekana mwekundu, nakuapia, ukuta ambao niliutazama kila siku. Baadaye wekundu ukafifia, ukabaki ukuta. Kisha Mzee akafungua kazi yangu ya asubuhi, ile ya kwanza, akaiwasha.

Mjane alikuwa pale, hai, amechoka, na mvuke wa kahawa una joto usoni mwake. Ilikuwa nzuri. Sisemi ilikuwa bora kuliko ya Esperance. Hilo hata leo silijui, na hicho ndicho kinachoniuma. Zilikuwa huzuni mbili tofauti, na mwongozaji aliiona moja tu.

"Hii ulikuwa nayo," Mzee akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako ulikuwa umetandikwa, binti. Wewe mwenyewe umeukunja." Akasimama, akaniwekea mkono kichwani kama mtu anayemtuliza mtoto. "Sikukatazi kumwonea wivu. Hata mimi nimewaonea watu wivu, tena wengine ni marehemu. Lakini usifanye kazi kwa macho yake. Hayo ni ya kwake, na wewe huyawezi."

Nikamwomba tumwite mwongozaji aione ile ya kwanza. Akatikisa kichwa. Alisema siku nyingine, kwenye filamu nyingine. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Esperance akaifanya filamu nzima, akaenda nayo Paris, jina lake likaandikwa. Filamu nilizokuja kukabidhiwa mimi zilikuwa nyingi baadaye, unazijua, usinionee huruma. Lakini ile sikuitazama kwa miaka. Ikionyeshwa mahali, mimi nina mafua. Esperance sasa yuko Montreal, hunipigia simu kila Krismasi na bado ananiita Yaya, na kila anaponitajia kazi yake mpya moyo hunidunda. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jumapili ulipoondoka ndipo nilipoitafuta, nikaiwasha nikiwa peke yangu kwenye kochi uliloliacha lina joto. Nikasubiri jikoni. Mjane akawasha moto, akamimina, na ule mvuke ukapanda. Ulikuwa na joto. Kidogo tu, kiasi cha mtu kujua nyumba ile ina mtu. Ulikuwepo siku ile pia, mwanangu, kwenye ile picha yake iliyochaguliwa, mbele ya macho yangu, kushoto kwangu mchana kutwa. Sikuuona. Nilikuwa natafuta alichonizidi, nikashindwa kuona nilichompa. Je, nilifurahi? Nililia, nikafurahi kidogo, kisha nikamwonea wivu tena kwa namna alivyoutumia.

Sasa nasaha yangu hii hapa, na sitaizungusha. Sikuambii uache wivu, maana mimi mwenyewe sijauacha na nina mvi. Kazi ya mwenzako itazame, itakuuma, acha iume, na ikiwa nzuri mwambie ni nzuri, usimwambie "si mbaya" kama nilivyosema mimi. Kisha ifunge. Usiiweke pembeni ya kazi yako, usiibebe kwenye simu mpaka kwenye kochi la shangazi yako. Tafuta ukuta wako wa kijivu, iwe ni sala, iwe ni matembezi kwenye theluji, iwe ni kuosha vyombo, ukae hapo mpaka macho yarudi kuwa yako. Ndipo uishike kazi. Na siku ukitengeneza kitu kikakutoa machozi, kihifadhi, uchukue koti lako uende nyumbani. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu.

Mwenyezi Mungu akulindie macho yako, mwanangu. Akupe mikono isiyotetemeka na siku nyingi za kuitumia. Na asikunyime mtu wa kukuzidi, wala akili ya kuona ulichompa.