Mfasiri wa Nahodha Madaha

Siku za kazi Muhidini Mhina alikuwa karani wa zamu kwenye korona, mashine kubwa ya kusaga mkonge katika shamba moja karibu na Hale. Huko alikuwa mtu wa kawaida, anayeandika majina na kugombana na wachelewaji. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jua likishazama na jenereta ikishaanza kunguruma nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi, hakuna aliyemwita karani. Alikuwa mfasiri wa sinema. Alisimama kando ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani, kipaza sauti mkononi, na Wazungu waliokuwa wakibwabwaja kwenye picha wakaanza kusema Kiswahili.

Shamba lilikuwa na mikanda mitatu tu. Wa kwanza ulihusu mbu na malaria. Wa pili ulionyesha namna ya kupanda pamba. Wa tatu ulihusu maharamia wa baharini, nao ndio uliowatoa watu majumbani, baba, mama, watoto na mikeka yao, tangu kabla ya Uhuru hadi mwaka ule baada ya Azimio la Arusha, bila kuuchoka. Siri haikuwa kwenye mkanda. Siri ilikuwa kwenye ulimi wa Muhidini. Yule mkubwa wa maharamia, mwenye kofia ya manyoya na mwendo wa jogoo, alikuwa amempa jina la Nahodha Madaha na kumfanya Mzigua wa Handeni aliyepotelea baharini. Akipigana kwa upanga, Madaha alimtukana adui yake kwa Kizigua. Akila nyama, alilalamika kwamba haina bada, ugali wa muhogo wa kwao. Akimbusu binti wa gavana, Muhidini alimfanya aulize kwanza kama mahari inapokelewa kwa mbuzi.

Watoto wa kambini walijisokotea kofia za nyuzi za mkonge wakacheza Madaha mchana kutwa. Mtoto akilia, mama yake alimwambia, "Hebu cheka kama Madaha," na mtoto akacheka.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja, wala halikuandikwa popote. Mtazamaji yeyote, mkubwa kwa mdogo, aliruhusiwa kuuliza swali, na mfasiri alipaswa kulijibu papo hapo. Akishindwa, ukumbi mzima ungempigia makofi ya kumwondoa. Wafasiri wawili walikuwa wameondoka hivyo kabla yake. Muhidini alikaa miaka tisa bila kukosa jibu.

Kulikuwa na mahali pamoja tu palipomtia jasho. Katikati ya mkanda, maharamia walipoiteka merikebu nyingine, Madaha alifunua mlango wa tumbo la chini la merikebu ile. Kwa kitambo kifupi, mtu angehesabu mpaka ishirini, zikaonekana nyuso. Zilikuwa nyuso nyeusi, za wanaume, wanawake na watoto, na minyororo shingoni. Madaha aliinama, akasema maneno mawili matatu akitabasamu, kisha picha ikahamia kwenye ngoma na pombe. Muhidini alikuwa amefika darasa la nane. Kimombo chake kilitosha, na maneno yale aliyaelewa tangu siku ya kwanza. Basi siku hiyo ya kwanza aliwatazama watoto waliokaa mbele, akapaza sauti ya Madaha: "Hawa ni wapishi! Wamefungiwa kwa kosa la kuunguza wali!" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Tangu hapo wakawa wapishi.

Matayo, fundi wa mashine ya sinema, ambaye baba yake aliletwa kutoka Songea kama manamba, alimwambia mara moja tu, "Wapishi wako wamekonda sana."

"Ndiyo maana wanaunguza wali," Muhidini akamjibu. Matayo hakucheka, akarudi kwenye mashine yake.

Sifa zake zilifika Tanga. Ofisa mmoja wa sinema za vijijini, jina lake Petro, alimtumia barua kwamba anatafuta mfasiri wa kuzunguka na gari mkoa mzima, apewe kipaza sauti kipya na posho ya safari. Angependa kumsikia kwanza mbele ya wanakijiji wasiomjua. Onyesho lingefanyika katika kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kabuku, na mkanda uwe ule wa maharamia, kwa kuwa unachangamsha. Muhidini aliisoma barua ile akiwa amesimama pembeni ya korona, mashine ikipiga kelele mpaka meno yanatetemeka, na akajiona tayari yuko mbali nayo.

Kitu kimoja hakukiandika kwenye jibu lake: kwamba kijiji kile anakijua, kwa sababu bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa amehamia huko na ukoo wake. Bibi Mwaija hakuwahi kuona sinema. Umri wake hakuna aliyeujua. Wazee wa pale, ambao wenyewe walitembea kwa fimbo, walimwamkia shikamoo. Kila mtu alijua kwamba alipokuwa mtoto, katika ile njaa ambayo watu walichemsha ngozi za vitanda wakala, alichukuliwa akapelekwa pwani, na mjomba wake akamrudisha baada ya miaka miwili. Zaidi ya hapo hakusimulia, na aliyemdadisi aliambulia matusi.

Siku ya onyesho yeye na Matayo walifika alasiri kwa Landrova ya ofisa. Muhidini akaenda kwanza kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasikia umekuja kunionyesha vivuli ukutani. Umeniletea ugoro?"

"Nimekuletea."

"Basi nitakuja. Nisipoelewa nitauliza."

"Uliza tu, mke wangu. Mimi sijashindwa na swali hata siku moja."

"Utashindwa kwa sababu ya kujisifu," Bibi Mwaija akasema, na kutia ugoro puani.

Watu walijaa uwanjani mbele ya ghala la pamba. Shuka lilifungwa kwenye nguzo mbili. Petro alikaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo, daftari magotini, na Bibi Mwaija alikaa chini mbele kabisa, miguu ameinyoosha, katikati ya vitukuu vyake. Muhidini alianza vizuri. Alianza vizuri mno. Madaha alipotokea akitembea mwendo wake, alimwambia baharia wake, "Nishikie kofia, naona Kabuku wamekauka, hawajui kucheka." Kabuku wakacheka. Ofisa akacheka. Bibi Mwaija naye akacheka kicheko chembamba cha mtu asiye na meno, akampiga kofi la mgongo kitukuu chake. Muhidini alikiona kiti cha mbele cha gari lile, na yeye amekikalia.

Kisha mlango ukafunuliwa. "Hawa ni wapishi," Muhidini akasema kwa sauti ya Madaha, "wamefungiwa kwa kuunguza wali."

Kicheko kilipopungua, sauti ya Bibi Mwaija ikatoka chini pale mbele. "Wewe, mume wangu. Wapishi gani wanafungwa shingo?"

Watu wakacheka tena kwa jinsi alivyomwita. Picha ilikuwa imeshahamia kwenye ngoma. Muhidini hakusita. "Basi si wapishi peke yao, bibi. Kuna na wezi wa kuku."

"Kwa hiyo na mimi niliiba kuku?"

Hakulisema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini wote waliokuwa uwanjani walijua alikopitia, na kicheko kikakatika. Watoto tu ndio waliendelea kidogo, kisha nao wakawatazama mama zao. Kwenye shuka, maharamia walicheza ngoma na hakuna aliyewatazama.

Muhidini aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona Petro akimpa ishara ya mkono, endelea, endelea. Na alimwona bibi yake akisubiri jibu, shingo ameinyoosha, ile shingo ambayo tangu utotoni mwake alikuwa ameiona na kovu na kudhani ni la uzee.

"Matayo," akasema. "Rudisha."

Matayo aliirudisha mashine. Maharamia walicheza kinyumenyume, pombe ikatoka vinywani ikaingia kwenye vikombe, mlango ukajifunga. Kisha ukafunuliwa upya, na Muhidini akafasiri. "Anasema hivi: Wenye nguvu wapandisheni juu, tutawauza bandari ya mbele. Waliobaki tupeni majini, wanatuongezea uzito."

Bibi Mwaija akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. "Endelea na ngoma yako."

Aliendelea mpaka mwisho, lakini watu walitazama sinema ile kama waliokaa matangani. Walipomaliza walikunja kanga na mikeka, wakaondoka wakinong'ona.

Petro alimsubiri kwenye gari. Hakuwa mtu mbaya, na alizungumza kwa upole.

"Ndugu Muhidini, una kipaji. Sijapata kusikia kama wewe. Lakini watu walikuja kufurahi."

"Walifurahi."

"Wamekwenda kulala kama wafiwa."

"Swali liliulizwa, bwana. Na wewe Kimombo unakijua kuliko mimi. Ulisikia alivyosema."

"Nilisikia. Lakini watoto wana faida gani kulijua hilo saa za kujiburudisha? Nchi ni mpya, watu wanatoka shambani wamechoka, wape wacheke. Ya utumwa watasoma shuleni." Akaufungua mlango wa gari. "Kazi ni yako. Nipe neno lako tu kwamba pale utapita haraka, kama ulivyokuwa ukipita. Mimi nalala Kabuku, kesho baada ya chai nitapita hapa kukuchukua."

Asubuhi Muhidini alimkuta bibi yake akipepeta mahindi nyuma ya nyumba. Alimweleza yote, na yule bikizee hakuacha kupepeta.

"Chukua kazi," akasema.

"Bibi, anataka wawe wapishi."

"Wawe. Wale wa ukutani wana nini? Wewe upande gari, uvae viatu, uache kusikiliza lile dude la mkonge. Mjinga nini?"

"Wewe ndiye uliyeuliza."

"Niliuliza kwa sababu ulisema huwezi kushindwa." Akapuliza makapi, akaweka ungo chini. Kwa muda alitazama kuku waliokuwa wakigombania punje, halafu akaanza kusema bila kuulizwa, kana kwamba anaendelea na maneno ya jana yake.

"Yule aliyetuchukua sisi alikuwa na kofia nyekundu. Baba alinikabidhi kwake kwa kikapu cha mtama, na mtama ule ndio uliowaponya wadogo zangu, kwa hiyo hilo usiniulize. Tulikuwa watoto saba. Hakutufunga. Kamba alitutia baadaye, tulipokaribia Pangani. Njiani alikuwa anatuchekesha. Alijua kumuiga nyani. Alijua kumuiga fisi aliyeshiba. Akatuigia hata baba zetu wanavyotembea na njaa, wameshika matumbo. Tukacheka, Muhidini. Tangu mvua ilipokata tulikuwa hatujacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka akawa ananibeba begani kwa sababu ya kicheko changu. Pale Segera pori lilikuwa zito. Mtoto angeweza kuchepuka akajificha, wala asingemwona. Hakuna aliyechepuka. Tulitaka kujua atamuiga nani mbele."

Ilikuwa mara ya kwanza bibi kumwita Muhidini kwa jina lake.

"Kwa hiyo kwenye kuchekesha hukukosea," Bibi Mwaija akasema, akichukua ungo wake. "Alikuwa hivyo hivyo. Nilipomwona yule wako anatembea nilisema, huyo, ndiye. Haya, nenda, gari linapiga honi."

Petro hakuzima injini. Muhidini alisimama dirishani.

"Bwana Petro, ukinichukua nitamfanya Madaha achekeshe kuliko jana. Nitawavunja mbavu watu wa mkoa huu. Ila mlango ukifunuliwa, nitasema alichosema."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

Petro alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Alimrudisha Hale, wakaagana vizuri, na mwezi uliofuata Muhidini akasikia kwamba kazi amepewa kijana mmoja wa Muheza mwenye sauti nzuri. Iliuma. Iliuma kila asubuhi king'ora cha korona kilipolia, na asingekubali mtu amwambie kwamba haikumuuma. Lakini hakuwahi kuirudia ile barua wala kutunga maneno ambayo angemwambia yule ofisa badala ya yale aliyomwambia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukumbi ulijaa kama kawaida. Hapo hakuna aliyekuwa amesikia habari za Kabuku isipokuwa Matayo. Watoto wenye kofia za mkonge walikaa mbele wakipiga kelele, "Madaha! Madaha!" Muhidini aliwapa Madaha wao. Safari hii alimwongezea mambo: Madaha aliiga nyani, aliiga fisi aliyeshiba, aliiga msimamizi wa shamba anavyopanda baiskeli. Grasiana, mke wa Matayo, alicheka mpaka akampa jirani mtoto amshikie. Hata wazee wa nyuma, ambao huja kwa ajili ya baridi ya ukumbi tu, walijifuta machozi.

Mlango ulipofunuliwa, hakubadilisha sauti. Alikuwa bado Madaha yule yule, mwenye furaha, mwenye kupendwa, na kwa sauti hiyo hiyo ya kuchekesha akasema: "Wenye nguvu wapandisheni juu, tutawauza bandari ya mbele. Waliobaki tupeni majini, wanatuongezea uzito."

Kicheko kilianza kwa mazoea, kikafika katikati ya ukumbi, kikaishia hapo. Aliyekuwa anacheka alijisikia mwenyewe akicheka. Picha ikahamia kwenye ngoma. Mtoto wa kike aliyekaa mstari wa mbele alivua kofia yake ya mkonge, akaishika mapajani, akauliza, "Na wale watoto? Walifika?"

"Wachache walifika," Muhidini akasema. "Mmoja namjua." Akamgeukia Matayo, akamwambia autoe huo, aweke mkanda wa pili, ule wa pamba.