Siku Spika Ilipotuambia Tutoke

Jengo letu lilikuwa Kawangware, ghorofa nne za mawe. Chini kulikuwa na chumba cha kulelea watoto, na juu sisi mama zao tulishona sare za shule. Cherehani zikinguruma zote pamoja, mtu hasikii hata jina lake. Mtoto akishikwa na homa, mlezi alilazimika kupanda ngazi na magoti yake yale mabovu, akimtafuta mama kila ghorofa. Ndipo tukaamua kutafuta chombo cha kuitana kisicho na waya, maana mwenye jengo hakutaka kuta zitobolewe.

Nilitumwa mimi kwa sababu naishi Kibera, na kule, karibu na Soko la Toi, kuna fundi wa vyombo vya sauti. Akanionyesha aina mbili. Moja ni vidude vidogo vya kuvaa kiunoni: mlezi akibonyeza kitufe kule chini, cha mama anayetakiwa kinatetemeka. Nyingine ni spika za kutundika kila ghorofa, na maikrofoni ya mkononi.

"Twende na zote mjaribu," akasema. "Ile mtapenda ndiyo mtabaki nayo."

Mwenyekiti wa kikundi chetu alizipenda spika. "Hako kengine ka kutetemeka nani atakasikia?" Tukazitundika. Fundi akaziwasha, mlezi akateremka na maikrofoni.

Tukazima cherehani, tukangoja. Spika zikakwaruza kidogo. Kisha sauti nzito ya mwanamume tusiyemjua ikalipuka: "Toka! Nasema toka! Toka sasa hivi!"

Katika jiji hili la majengo yanayoporomoka, ukiambiwa utoke kwenye ghorofa, hungoji kupewa sababu. Viti vikapinduka. Mwenzetu mmoja mjamzito alishikilia tumbo akaketi katikati ya ngazi, wawili wakamnyanyua wakashuka naye hivyohivyo. Sauti ilizidi kutufukuza: "Toka! Usirudi tena!" Kule chini nilinyakua mtoto nikakimbia naye hadi barabarani, na nilipomtazama usoni nikaona si wangu.

Niligeuka nirudi ndani naye mkononi.

"Wako ninaye! Ninaye hapa!" mwanamke mmoja aliniita. Alikuwa amemkumbatia binti yangu kama furushi, kiatu kimoja hakipo.

Mlango wa kanisa la jirani ukafunguliwa. Mchungaji akatoka akitiririka jasho, maikrofoni mkononi.

"Kina mama, kuna nini? Ni moto?"

Maneno hayo hayo tukayasikia yakitoka kwenye madirisha yetu, ghorofa zote. Tukamgeukia fundi.

"Masafa ni yale yale," akasema polepole. "Maikrofoni yake imeingia kwa spika zenu."

Mchungaji alikuwa akimfukuza pepo. Alipoelewa, aliketi kwenye kizingiti, akashika kichwa. Hakuna aliyecheka. Mwenzetu mjamzito alipelekwa kliniki akaambiwa yuko salama, lakini sisi wengine tulikaa nje hadi jioni, tukigusagusa watoto.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyezing'oa spika. Tukabaki na vile vya kiunoni.

Changu kilipotetemeka mara ya kwanza, nilishtuka sindano ikanidunga kidole. Nikashuka mbio. Mlezi alikuwa mlangoni, binti yangu ameng'ang'ania sketi yake.

"Pole, mama. Jino limeng'oka, na amekataa kumwonyesha mtu mwingine yeyote."