Kibao cha Baba na Vema Nilizoweka

Nikipita karibu na karakana ya seremala nikanusa paini iliyotoka kupigwa randa, huongeza mwendo hadi leo. Wengine wanasema ni harufu nzuri. Mimi hunirudisha Mafinga, miaka ya sabini, jikoni kwetu, mbele ya kibao alichokitundika baba juu ya debe la maji.

Baba alikuwa seremala, na mtu wa mipango kupita kiasi. Kusoma Biblia kwa kubahatisha, alisema, ni kukata mbao bila kupima. Kila Jumamosi alikipiga randa kibao kile kikawa cheupe, akachukua penseli yake bapa, akaandika masomo ya wiki: siku, sura, msomaji. Tulipokezana yeye na mimi. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la watu wazima, aliandikiwa asikilize tu. Alikaa ubavuni mwa msomaji, na msomaji alitakiwa kupitisha kidole chini ya kila neno. Ukimaliza unaweka alama ya vema, ndipo unapewa uji. Nilikuwa na miaka kumi na nilikichukia kile kibao, sioni haya kuwaambieni.

Mwaka ule ukungu ulikawia kuondoka, na kikohozi cha baba kilikawia nao. Nilianza kusikia randa ikienda mara mbili, tatu, halafu kimya. Mama aliacha alichokuwa akifanya, akangoja mpaka isikike tena.

Jumamosi moja baba alikiranda kibao pande zote mbili, akakaa nacho asubuhi nzima. Hakuandika wiki moja. Aliandika miezi, kwa herufi ndogo, mbele na nyuma. Nilipokitazama, kila mstari ulikuwa na jina langu. Nikamwambia amejisahau.

"Sijajisahau," alisema. "Wewe soma, mama yako asikilize."

Mama akachukua ndoo akaenda kuchota maji, na debe lilikuwa limejaa pomoni.

Jumatatu yake baba akapanda lori la mbao kwenda hospitali Mbeya. Siku za kwanza nilisoma. Kisha nikaanza kusingizia kuwahi kuhesabiwa namba shuleni, nikaweka vema na kukimbia. Jumapili moja mama alipokwenda kwa jirani, nikakishusha kibao nikaweka vema kila mstari, mbele na nyuma, bila hata kuangalia kilichoandikwa. Kuanzia hapo nilikunywa uji wangu kwa raha. Mama alikaa ubavuni mwangu kila asubuhi, mikono mapajani, akikitazama kibao.

Habari ililetwa na baba mdogo, alasiri, kofia mkononi. Mama alijua kabla hajaketi. Nyumba ikajaa watu na vilio. Asubuhi iliyofuata, majirani wakiwa bado mikekani, mama akaniambia nikilete kibao.

"Kasomo ka leo kana vema tayari," alisema. "Ka kesho nako. Niliziona zote, Edina. Baba yako alisema nisikulazimishe."

Nilitamani anichape. Nikautafuta mstari wa siku ile, nikasoma huku machozi yakidondokea ukurasa, nikasahau kidole. Mama akaushika mkono wangu, akaurudisha chini ya maneno.

Ndipo nilipokigeuza kibao na kusoma mwisho wake kwa mara ya kwanza. Mstari wa chini kabisa ulisema: Mama asome, Edina asikilize. Mbele yake ilikaa vema yangu.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba baba alikuwa amehesabu siku zake, kisha akahesabu na zile ambazo mama angehitaji ili ajue kusoma. Sura fupi alizitanguliza, ndefu akaziweka mwishoni, na mimi nilikuwa nimewekwa niwe mwalimu wakati najiona mfungwa. Wiki nilizomwibia mama hazikurudi. Baba alikuwa amepanga miezi. Sisi tulichukua miaka miwili.

Asubuhi tulipoufikia mstari ule, mama alisoma sura nzima, kidole chake kikitembea polepole, na mimi nikasikiliza. Alipomaliza akaomba penseli. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba vema ipo tayari.

Akachukua kisu cha jikoni, akaikwangua yangu hadi ikafutika, akaweka yake.