Kinyuzi Ndani ya Bomba la Kioo

Kazi yangu kwenye shamba la mkonge, nje ya Tanga, ilikuwa kutazama maji. Jamaa zangu wa Makorora walinicheka: eti mwanamume mzima, kutwa anakodolea macho bomba!

Bomba hilo lilitoka kwenye tangi kwenda korona, mashine ya kuchambua mkonge. Kipande chake kimoja kilikuwa cha kioo, urefu wa pima moja, chenye mistari miwili myekundu. Kila alasiri nilidondosha kinyuzi cha mkonge mdomoni mwa bomba, nikakifuata kwa macho toka mstari hadi mstari. Saa sikuwa nayo. Nilihesabu kwa tasbihi: subhanallah moja, punje moja. Kioo kilifungwa mwezi wa Ramadhani, kinyuzi kikapita kwa punje tano, na msimamizi akaandika tano.

Idi ilipopita zikawa nane. Msimamizi akasema maji yamepungua, na keshokutwa atafunga tawi la bomba liendalo kambini kwa wafanyakazi, ili korona isikose. Kambini alikuwako mke wangu na kichanga cha wiki mbili, na mto ulikuwa mbali. Nilichanganyikiwa.

Fundi wa pampu, mzee wa Kibondei, Mkristo, alinisikia nikihesabu.

“Mwanangu, mbona wasoma mbio? Mwezi wa mfungo ulikuwa ukiburuza.”

“Mzee, maji ndiyo yaliyopungua.”

“Au ulimi ndio ulioshiba?”

Nilikasirika, nusura nimvunjie heshima. Yeye akafunga nati kwenye kamba, akaining'iniza na kuibembeza. “Hii haifungi wala haifuturu,” akasema.

Kesho yake nilikuwa nimefunga, katika zile saumu sita za sunna baada ya Idi. Asubuhi: punje nane, nati ikabembea mara nne. Alasiri, koo limekauka: punje tano, na nati mara nne vile vile. Maji hayakupungua hata tone. Niliyebadilika ni mimi.

Mzee alimwonyesha msimamizi nati, akasema kipimo cha zamani kilikuwa kibovu. Hakusema ubovu wenyewe ni ulimi wangu. Tawi halikufungwa.

Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba kutwa nzima, joto lote lile, mzee hakunywa maji mbele yangu. Namshukuru mpaka leo.

Nilimkuta mke wangu bombani, akifua nguo za mtoto. Adhana ikalia. Akanikingia kata ya maji, nikafuturu.