Baiskeli ya Akina Banza Wawili

Juzi Papa alipaka grisi kwenye bawaba za lango la nyumba yetu, ile grisi ya njano, nzito, inayonuka kama chuma kilicholala juani. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji. Nikasimama, na nilisimama muda mrefu mpaka Papa akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Pua yangu tu ilikuwa imerudi miaka saba nyuma, kwenye barza yetu, kibaraza cha mbele ya nyumba, hapa mtaani Makomeno, nilipokuwa na miaka kumi, nimekaa juu ya sementi baridi na karatasi mkononi, na mbele yangu Nkambo anapaka grisi ya namna ile kwenye baiskeli ya mtoto.

Nawaandikia ninyi kwa sababu kuandika ninaweza. Kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda. Darasani mwalimu akiuliza jambo ninalolijua, mkono wangu unakuwa mzito kama mkono wa mtu mwingine, na jibu linabaki kooni hadi mwenzangu analisema na kupigiwa makofi. Kwa hiyo mkifika kwenye neno moja nililolisema siku ile, msicheke. Kwangu lilikuwa neno refu.

Nkambo ndivyo tunavyomwita babu. Huyu alikuwa baba ya Papa, Nkambo Banza, na maisha yake yote alifanyia kazi Sakania, kule treni zinakovuka kwenda Zambia. Kazi yake ilikuwa magurudumu ya mabehewa. Bibi alipofariki, Papa alikwenda kumchukua, akaja naye na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la vyombo vya kazi. La vyombo lilibebwa na watu wawili.

Mwaka uleule alioingia nyumbani kwetu, mdogo wangu alizaliwa, akapewa jina lake. Banza mkubwa na Banza mdogo. Mtu na majina yake, yaani wajina wake, kama tunavyosema kwetu. Sasa mtoto anayebeba jina la mzee si mtoto tu. Papa alimwita mtoto wake mwenyewe "Papa". Mama, kwa kuwa yule mkubwa alikuwa baba mkwe wake, alimwita mdogo "beau-père", na sauti ikishuka chini kwa heshima. Nani atamgombeza baba mkwe wake? Namkumbuka Mama amepiga magoti jikoni, anamwambia mtoto wa mwaka mmoja na nusu: "Beau-père, nakulomba, kiatu haiingiaka mu chungu." Na beau-père anamtazama, anatia cha pili.

Banza mkubwa naye aliishi hivyohivyo. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, lakini hakusema, nasi hatukuuliza. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mama aliona, mimi niliona. Akanywa yote polepole, Mama akamuuliza kama chai ni nzuri, akajibu ni nzuri. Jumapili alikwenda misa na vifungo vya shati vimepishana, kola moja juu, nyingine chini. Tulitembea naye hadi kanisani, watu wanne, hakuna aliyefungua mdomo. Tuliita ile heshima.

Alianza kupungua. Matonge matatu ya bukari, ugali wetu, halafu ananawa mikono. Anakaa barzani kutwa nzima, uso kwenye barabara, bila kuuliza habari ya mtu. Siku moja nikiwa nyuma ya mlango (mtoto wa haya anajifunza mengi nyuma ya milango) nilimsikia Papa anamwambia Mama kwamba mzee anamfuata mke wake, polepole, na hajui afanye nini.

Ndiyo maana ilipobaki wiki moja Banza mdogo atimize miaka miwili, na Nkambo akasema wakati wa chakula, "Majina yangu anapashwa kuwa na kinga," sote tuliacha kutafuna. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Akaongeza: ya miguu tatu, ataichagua mwenyewe, na ataifunga mwenyewe.

Tulikwenda mjini Jumamosi asubuhi, majira ya baridi, upepo unatupa vumbi jekundu kwenye meno. Dukani zilisimama baiskeli za kila namna. Moja ya plastiki iliimba ukiigusa. Moja ilikuwa na mwavuli, na nakiri mbele yenu kwamba moyo wangu ulibaki kwenye ule mwavuli. Papa akainama mbele ya mtoto, akamuuliza kwa adabu: "Papa, unapenda gani? Hii ao ile?" Mwenye duka akawatazama, huyu baba na huyu "Papa" wake mwenye makamasi, akameza kicheko. Banza mdogo akazungusha macho duka zima, akaenda kukumbatia ndoo ya njano ya kuchotea maji. Tukainunua. Nani angemwambia ndoo haipandwi?

Nkambo yeye alikuwa anapita kati ya baiskeli na ufunguo wake wa mlango mkononi. Alikuwa anaipiga kila moja, mara mbili, kisha anainamisha sikio. Watu waligeuka. Mimi nikajificha nyuma ya Papa kwa aibu. Kwenye ile ya plastiki alisema, "Hii haina sauti." Kwenye ile ya mwavuli alitikisa kichwa tu. Mwisho alifika kwenye nyekundu moja ya chuma, mipira ya kweli kwenye magurudumu. Akapiga. Ikalia nyembamba, ndefu, kama kengele ya sakristia. Akapiga tena, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona meno yake.

"Hii iko inasema," akasema. Mwenye duka alitaka kumpa ileile iliyokwisha kufungwa. Nkambo akakataa, akataka iliyo ndani ya katoni, maana chuma kilichofungwa na mkono usioujua, alisema, ni sawa na habari uliyoambiwa na mlevi.

Mchana tulikaa barzani. Alifungua sanduku la vyombo, harufu ya grisi ikatoka kama mtu aliyefungiwa miaka. Akatandaza gunia, akapanga vipande kwa mstari: fremu, usukani, kiti, chuma cha nyuma, magurudumu matatu, rondele, zile pete bapa za chuma, na ekru za kukazia kwenye kibati cha sardini. Akanipa karatasi ya maelezo. Aliniita sekretere wake. "Sekretere, soma." Nilisoma kwa sauti ndogo, na vidole vyake vikafuata. Hakutazama alichokuwa anakishika. Vidole ndivyo vilivyotazama. Mbele yote ilikwenda vizuri, na alikuwa anapiga mluzi, wimbo usio na mwanzo, na mimi nilifurahi hata nikasahau kwamba miguu imekufa ganzi.

Halafu tukafika nyuma. Karatasi ilionyesha picha mbili. Ya kwanza: gurudumu lina nafasi ndogo, linazunguka lenyewe juu ya chuma. Ya pili: gurudumu limekazwa, na juu yake msalaba mkubwa mweusi. Maneno yalikuwa Kifaransa kibovu, lakini msalaba hauna kosa la lugha.

Nkambo alivika gurudumu la kwanza, akalitikisa. Likacheza kidogo. Uso wake ukakunjamana. "Gurudumu yenye kucheza inauaka bantu," akasema. Akaongeza rondele, akaongeza nyingine, akakaza na kle, ile spana yake, hadi mishipa ya shingo ikasimama. Upande wa pili vilevile. Sasa magurudumu mawili na chuma chao yakawa mwili mmoja: ukizungusha hili, lile linazunguka. Ndivyo yalivyo magurudumu ya treni, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuyafunga vingine. Lakini treni inaongozwa na reli. Mtoto anaongozwa na ndoo ya njano, na paka, na kuku wa jirani. Kwenye kona gurudumu la nje linakwenda safari ndefu kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja, hakuna linalokubali.

Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Msalaba ulikuwa chini ya kidole changu gumba.

"Karatasi inasema nini, sekretere?"

Nikamtazama. Alikuwa ameketi wima, jasho puani, mtu mwingine kabisa. Nikafikiri nikisema, mluzi utakatika, na kesho ataanza tena kumfuata bibi. Nikasema karatasi imeisha.

Kesho yake, baada ya misa, tulimkalisha Banza mdogo juu ya kiti chekundu. Mama alikuwa amepika kuku, na moshi wa makaa ulizunguka ua mzima. Mtoto hakuvijua vya kukanyagia. Alisukuma kwa miguu chini, na ile baiskeli ikaenda, nyepesi, nyoofu kama kamba, hadi ukutani. Akapinda usukani. Gurudumu la mbele likageuka, mwili ukakataa. Mipira ya nyuma ikakwaruza sementi. Papa akamnyanyua, baiskeli na mtoto pamoja, akawageuza. Wakaja moja kwa moja hadi ukuta wa pili. Akawageuza tena. Mama akapiga makofi, akasema muzuri sana. Papa akasema inakimbia kama ndege. Kilikuwa kicheko kikubwa, na katikati yake nikamwona Nkambo ameinamisha sikio, kama dukani.

"Inapinda?" akauliza.

"Ndiyo, Papa. Inapinda muzuri," Papa akajibu.

Mpira ulikwaruza tena. Akashusha mabega, akanyoosha mkono kutafuta ukuta, akaanza kupapasa kuelekea mlangoni. Kuku alikuwa bado hajapakuliwa. Niliuona ule mkono unaotafuta ukuta nikajua kwamba ameelewa yote, na kwamba anakwenda kulala na tutamwita kula na atasema ameshiba.

Alipopita karibu yangu akasimama. "Sekretere. Inapinda?"

Papa alinitazama. Mama alinitazama.

"Hapana, Nkambo," nikasema. "Uliikaza sana. Karatasi ilikataza, na mimi niliona."

Nilingoja mbingu ianguke. Nkambo akatafuta kichwa changu, akaweka mkono juu yake.

"Ku kazi," akasema, "muntu alikuwa anakuja na nyundo, anapiga gurudumu, anasema: Banza, hii ni mubaya, fungula. Na unafungula. Tangu nilifika mu hii nyumba, hakuna muntu aliniambiaka hapana. Kila siku ni ndiyo Papa, muzuri Papa." Akacheka kidogo, puani. "Mi nilifikiri nilishakufa, na munaogopa kuniambia."

Papa aliangalia viatu vyake. Mama alifuta macho, na akasema ni moshi wa makaa.

Nkambo aliomba kle. Tulifungua palepale uani, mbele ya kuku anayepoa. Papa alishika fremu akaambiwa anaishika kama mtu anayebeba mtoto wa wengine. Mimi nilisoma, na safari hii nilisoma kila kitu hata jina la kiwanda. Tuliacha ile nafasi ndogo. Nkambo aliitikisa, ikacheza, akaguna kwa maumivu, akaivumilia. Banza mdogo akapanda, akasukuma, akapinda. Akapinda kona ya kwanza, ya pili, akaenda moja kwa moja juu ya mkeka ambako Mama alikuwa ameanika unga wa mihogo.

"Hapana, Banza!"

Alikuwa Mama. Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mtoto akasimama katikati ya unga, macho makubwa, kama aliyesikia lugha ya ng'ambo. Na Nkambo akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile alikula paja na shingo, na akaomba bukari nyingine.

Mwaka jana, tukimenya viazi vitamu, Mama aliniambia kwamba Jumamosi ile jioni alikuwa ameizungusha ile baiskeli akajua. Papa naye alikuwa ameisoma karatasi. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu tuliojua, chini ya bati moja, kila mmoja peke yake, kila mmoja akimlinda mzee. Nilishangaa. Miaka yote nilifikiri ile siri ilikuwa yangu.

Banza mdogo ana miaka tisa sasa na anaambiwa hapana mara ishirini kwa siku. Nkambo haoni tena kabisa. Mimi bado siinui mkono darasani. Lakini kila asubuhi, ninapompelekea chai, anasema jambo lisilo kweli: kwamba leo ni Jumanne, kwamba mvua imenyesha usiku, katikati ya mwezi wa saba, kiangazi. Nami namwambia hapana, Nkambo, ni Alhamisi. Hapana, Nkambo, ni vumbi tupu huko nje. Nilidhani ni uzee. Hivi karibuni tu niligundua kwamba, akishalisema, anainamisha sikio na kungoja.